Libanga ya Papa Donat

Kila neno katika habari hii ni kweli tupu. Papa Donat Mwamba aliapa hivyo mbele ya watu wazima wenye akili zao, katika ukumbi wa nyuma ya parokia kule Koekelberg, mjini Brussels, Jumapili baada ya misa. Aligusa sakafu kwa kidole, akakilamba, akakielekeza juu na kusema "Mungu moya", kama watoto wa Lubumbashi wanavyoapa. Akaongeza kwamba likipatikana hata neno moja la uongo, atasonga bukari, yaani ugali, ya kwaya nzima kwa mikono yake mwenyewe, amevaa aproni ya mke wake, wanaume wenzake wakimtazama. Mwanaume wa Katanga wa umri wake hasemi hivyo akiwa na wasiwasi. Kwa hiyo tuanze kwa kuamini.

Tuanze na libanga, maana hasira yote ilitokea hapo. Kwa Wakongomani, mwanamuziki hasahau aliyemlisha. Umemvisha, umempa sahani ya sombe, umempa pa kulala: siku akiingia studio atalitupa jina lako katikati ya wimbo, gitaa linapopumua, na wajukuu zako watalicheza harusini. Jina hilo lililotupwa ndilo libanga. Haiombwi, maana anayeomba amejishusha. Mtu hukaa karibu na kipaza sauti, akakohoa, na mwanamuziki mwenye malezi huelewa.

Papa Burhani, fundi viatu mstaafu wa kutoka Bukavu, alikuwa na yake. Zamani sana alimpa mpiga gitaa mmoja wa Kinshasa suti ya rangi ya maziwa, na jina lake likatupwa kwenye rumba: "Burhani, mwana Bukavu." Linapita upesi kuliko chafya. Lakini kwa chafya hiyo Burhani aliishi Ubelgiji kama waziri. Kila ubatizo, kila komunyo, kaseti ilitoka mfukoni, na watu wakanyamazishwa ili wasikilize. Na kila mara Donat, aliyeendesha tramu mpaka akastaafu, aliyewafikisha nyumbani salama walevi wa mji mzima, alikaa na bia yake akifikiri kwamba atazikwa Auderghem, mtaa wake wa Brussels, na jina lake halijawahi kutoka kwenye spika yoyote, isipokuwa ile ya depo alipochelewa kazini.

Ndipo mwaka 2007 akaja Joël.

Joël ni mtoto wa dada yake Donat. Alizaliwa Brussels, alifuga nywele kama Samsoni, na alikuwa na bendi ya roki: yeye gitaa na kuimba, Hénock ngoma, na Élodie, binti wa Kibelgiji, gitaa la besi. Walikuwa wamefukuzwa kila walipopiga. Majirani walikuwa wakiita polisi hata kabla nyaya hazijachomekwa.

"Tonton, minaomba kave yako," Joël alisema, akimaanisha chumba cha chini ya nyumba, palipokuwa na viazi na mashine ya kufulia. "Tunataka kufanya albamu."

"Ya rumba?"

"Ya rock, tonton."

Donat alikuna kidevu. "Bon. Hii rock, iko na maneno ndani?"

"Iko nayo."

"Alors ingieni."

Palipo na maneno, aliwaza, na jina linaweza kukaa.

Akatoa viazi. Akahamisha mashine ya kufulia, jambo lililomfanya mke wake, Maman Pétronille, asiseme naye hadi Pasaka. Akagonga magodoro ukutani, na juu ya magodoro akatandaza vitenge vizee vya Pétronille ili sauti isitoke nje. Katikati ya chumba ilibaki chaudière, lile pipa kubwa la chuma linalopasha maji moto nyumba nzima, lililokuwa likinguruma kama baba mkwe. Vijana waliipenda wakaipa bendi jina lake. Bendi ikaitwa Chaudière. Donat aliona hiyo ni dalili njema: kama wameanza kuita vitu vya nyumba yake, watafika kwa mwenye nyumba.

Kila walipofanya mazoezi alishuka na sahani. Pétronille alipika, ni kweli, lakini aliyebeba ni Donat, na katika mambo ya libanga anayehesabika ni yule anayeonekana na sahani. Alisimama karibu na kipaza sauti, akakohoa. Kisha, kwa kuwa hawa walikuwa watoto wa Ulaya na huenda masikio yao ni mazito, akasema kwa sauti iliyopangwa vizuri: "Ni miye, Donat Mwamba, wa Kipushi, wa Auderghem."

"Tunajua, tonton," Hénock alijibu. "Asante kwa samaki."

Kesho yake alirudia. Donat Mwamba, wa Kipushi, wa Auderghem. Akaondoka ameridhika. Mbegu imeingia udongoni.

Na albamu ilikuwa ikiiva kweli. Hénock akipiga ngoma kubwa, chaudière ilijibu kwa sauti yake nzito, na nyumba nzima ikaingia katika wimbo, vijiko kabatini pamoja. Paa wa msitu wa Soignes walishuka hadi kwenye uzio, wakasimama wakitikisa masikio kwa mdundo. Donat aliwaona kwa macho yake. Mmoja tu alikuwa anachelewa kidogo, yule mwenye doa.

Wimbo uliowashinda ulikuwa ule walioupa jina la Mercredi, yaani Jumatano. Ulianza vizuri, ukapanda vizuri, ukafika katikati, pakawa na shimo. Joël alijaribu gitaa humo, Élodie akajaribu filimbi, wapi. Basi alasiri moja, vijana wakiwa wanalipiga shimo lile kwa mara isiyojulikana, kutoka juu ya ngazi ikashuka sauti. "Eeeeeeeeh!" Ilishuka ngazi, ikagonga chaudière, ikarudi. Hénock aliacha fimbo. Joël akaangalia mashine ya kurekodi: taa nyekundu ilikuwa inawaka. Sauti imeingia.

Hiyo ndiyo sauti ambayo baadaye Ubelgiji nzima iliipiga kelele, kwa Kifaransa na kwa Kiflamandi, maana haina lugha.

Albamu ilitoka mwaka uliofuata, ikaitwa Sous-Sol, yaani chumba cha chini. Uzinduzi ulikuwa Flagey, katika ukumbi ule mkubwa ulio kando ya uwanja, watu wamepanga foleni hadi kwenye kibanda cha viazi vya kukaanga. Donat alivaa suti ya harusi yake, iliyomkubali kwa shida, na alimwalika Burhani kwa makusudi, akamweka kiti cha pembeni yake.

"Leo utasikia kitu," alimwambia.

Walipiga nyimbo zote. Watu waliruka mpaka sakafu ikalia. Mwishoni Joël, jasho likimtiririka, akashika kipaza sauti ili ashukuru. Donat alinyoosha tai. Akakohoa mara moja, kwa heshima.

Joël alimshukuru mbwa wa Élodie, ambaye alikuwa amewavumilia. Akamshukuru mwenye kibanda cha viazi. Akamshukuru Jérôme, prodyuza wao, Mbelgiji aliyevaa miwani ya jua ndani ya nyumba. Kisha akafuta jasho usoni, na Donat akajiinua kidogo kitini.

"Na zaidi ya yote," Joël akasema, "asante kwa chaudière."

Ukumbi ulishangilia. Burhani aliinama taratibu mpaka sikioni mwa Donat.

"Papa Donat, pole. Labda utakuwa mu ile ya kesho."

Chuma kilishukuriwa! Mwenye chuma amekaa mstari wa tano, suti inamkaba, na chuma kinapigiwa makofi. Donat alirudi nyumbani kwa tramu bila kumsalimia dereva, jambo ambalo hajawahi kulifanya kabla wala baada ya hapo.

Na angalau kama albamu ingeanguka, yangeisha. Haikuanguka. Mercredi ilipigwa redioni asubuhi, mchana, na wakati wa habari za msongamano wa magari. Donat alikwenda kununua kabichi, ikamkuta kwenye kabichi. Alikwenda kwa daktari wa meno, akafunguliwa kinywa, ikaanza, na hakuweza hata kulalamika. Kiangazi vijana walikwenda kupiga kwenye tamasha moja katika matope ya Flandria, na umati usio na mwisho ukasubiri lile shimo la katikati ili upige "Eeeeeeeeh!" kwa pamoja. Walipewa diski ya dhahabu. Wakaitundika wapi? Kwenye kave ya Auderghem, juu ya chaudière, na Donat ndiye aliyeshika ngazi.

Hapo akamkabili mpwa wake.

"Joël. Nilikuwa nakohoa."

"Lini, tonton?"

"Kila siku. Mwezi muzima nilikohoa karibu na micro yenu."

"Ndiyo, tulisikia. Élodie alikuletea dawa ya kifua, hukunywa?"

"Na jina yangu? Nani alikuwa anasema jina yake pale kila siku?"

Joël alitazama chini, akageuza kofia mkononi. "Tonton, usikasirike. Tulifikiri uko naanza kusahau. Maman yangu alisema tukuache useme jina, inasaidia ubongo."

Donat alikaa juu ya kreti. Kizazi kimelelewa na nani hiki? Wamesoma shule, wanajua majina ya mito ya Ubelgiji yote, halafu mtu mzima anakohoa mbele yao wanamletea dawa.

"Rock haitupi majina, tonton," Joël alisema polepole. "Sisi hatujuagi hiyo."

"Lakini mbwa munajua."

Bado hayo si makubwa. Makubwa yalikuja kwenye televisheni. Jérôme mwenye miwani aliulizwa na mtangazaji ile sauti ya ajabu katika Mercredi aliitoa wapi. Jérôme aliegemea kiti. Akasema ni safari. Akasema alikwenda mbali, katika kijiji fulani cha Afrika, akakuta mchawi mzee akiita mvua, akamrekodi.

Donat alisimama mbele ya televisheni, soksi moja mguuni na nyingine mkononi. Pétronille alikuwa nyuma yake anapiga pasi.

"Kijiji gani? Ni Auderghem! Kuko bibliothèque, kuko metro. Eti mchawi! Unasikia, Pétronille?"

Pétronille alipiga pasi kola ya shati lile lile mpaka ikang'aa kama kioo.

Jumapili ile Burhani alikuwa amejiandaa. Alingoja watu wamiminiwe kahawa, akasema: "Kave ni ya Papa Donat, viti ni vya Papa Donat, samaki ni wa Papa Donat. Lakini mu diski, Papa Donat haiko. Mbwa iko. Chaudière iko. Mchawi iko."

Watu wakacheka, na yule Anaclet anayepokea watu mlangoni, ambaye hachekagi hata akichekeshwa, akacheka.

"Huyo mchawi ni miye," Donat akasema.

Kukawa kimya. Na kwa kuwa kimya kile kilikuwa kitamu, akaendelea. Akasema siku ile alisimama juu ya ngazi, akaona vijana wameshindwa, akajaza kifua, akaitoa sauti ambayo babu yake aliitumia Kipushi kuwaita wanaume watoke mgodini. Mtu mmoja akauliza mbona sauti ya kwenye wimbo ni nzito kuliko yake. Donat alikuwa na jibu. Jérôme ndiye aliyeipunguza mwendo kwa mashine, Joël mwenyewe alimweleza, ndiyo maana imekuwa kama ya mtu aliyelala ndani ya pipa. Wamemnyima jina, wamemnyang'anya sauti, na juu ya hayo wameiharibu. Kisha akagusa sakafu, akalamba kidole. Mungu moya. Bukari ya kwaya nzima.

Burhani alirudisha kaseti yake mfukoni.

Hivyo Donat akaishi miaka kumi kama mtu aliyeibiwa, na hakuna maisha matamu kama hayo. Alipopita, watu walisema: ndiye huyo, yule mwenye sauti, bazungu bamemuibia. Alialikwa kwenye meza za mbele. Kila alipohadithia, hasira ilikuwa mpya, na paa waliongezeka. Mara nyingine aliposimulia, mlango wa jikoni la ukumbi ulikuwa wazi, na Pétronille, kiongozi wa kwaya, alikuwa humo ndani akisuuza vikombe. Vikombe vililia kidogo kuliko kawaida. Yeye ndiye aliyewakataza mabinti wa kwaya, Shekinah na wenzake, kusikiliza roki, akisema ni kelele za mapepo. Kwa hiyo Donat alijua kwamba upande huo hakuna hatari.

Mwaka 2018 Sous-Sol ilitimiza miaka kumi, na kwa kuwa Wazungu walikuwa wameanza tena kupenda diski kubwa nyeusi za zamani, ikatolewa upya kwa namna hiyo. Joël, sasa mtu mwenye mtoto na nywele fupi, aliileta ukumbini siku ya sikukuu ya kwaya. Alimkabidhi mjomba wake kwa mikono miwili.

"Tonton, usikilize yote, mpaka mwisho wa upande wa pili."

"Nitasikiliza nikipenda," Donat akasema, maana hasira ya miaka kumi haiwekwi chini kama mfuko wa soko.

Burhani, kwa bahati ya ajabu, alikuwa amekuja na gramafoni yake.

"Tuweke ile ya sauti," alisema kwa upole mwingi. "Mercredi. Papa Donat, ulisemaka Jérôme alipunguza mwendo?"

"Alipunguza. Mwizi."

"Donc tukiongeza mwendo, sauti itarudi yako."

Kwenye gramafoni ya Burhani kulikuwa na swichi ndogo ya mwendo: thelathini na tatu, arobaini na tano. Burhani aliisukuma kwa kucha, kama mtu anayeondoa uchafu kwenye nguo ya mwenzake, na akaweka sindano.

Ngoma zilikimbia. Joël aliimba kama panya. Likafika shimo la katikati.

Haikuwa sauti ya Kipushi. Haikuwa hata ya mwanaume. Ilikuwa ile "Eeeeeeeeh!" nyembamba, safi, inayopanda na kukaa juu, ambayo kila aliyekuwa ukumbini alikuwa amewahi kuipokea: Anaclet alipoingia jikoni na viatu vya matope, mabinti wa alto walipoteremka nusu noti kwenye Gloria, padri mwenyewe aliporefusha mahubiri na wali unapoa. Ukumbi mzima ukageuka kwa pamoja kutazama mlango wa jikoni.

Maman Pétronille alikuwa amesimama hapo na kitambaa cha vyombo.

"Rudisha," alisema. Burhani akarudisha. Ikalia tena.

"Maman Pétronille," Shekinah akasema kwa sauti ndogo, "si ulisema rock ni ya mapepo?"

"Nilikuwa nawafukuza hao mapepo. Viyombo yangu ilikuwa inaanguka kabatini." Hakumtazama Shekinah. Alimtazama mume wake. "Na weye ulikuwa wapi siku ile?"

Donat alitafuta jibu miongoni mwa paa wa Soignes. Hakuna hata mmoja aliyejitokeza.

"Kwenye kanape," akasema Pétronille. "Unakoroma. Mi napika, mi napiga kelele, weye unakoroma. Yule wa televizyo aliniita mchawi muzee, nikameza. Nikasema, bon, ni muzungu, hanijue. Lakini weye unanijua, Donat. Miaka kumi nasuuza vikombe pale, nasikia unaeleza bantu sauti yangu ilitoka mu kifua yako. Ulilia ju ya jina yako mpaka machozi. Yangu uliifanya nini?"

Hakuna aliyecheka. Hata Burhani aliangalia viatu vyake, akaviona vinahitaji rangi.

"Nilikuwa nataka tu..." Donat alianza.

"Minajua ulitaka nini." Akafungua aproni kiunoni, ile ya maua ya njano, akamvisha mume wake kichwani na kumfunga nyuma mafundo mawili. "Unga iko chini ya meza. Sufuria ni ile kubwa."

Kwaya ya Koekelberg si kwaya ndogo. Donat aliingia jikoni, wanaume wakajipanga mlangoni kutazama, na mwiko uliokuwa mrefu kama kasia ukampiga kidevuni kabla hajaushika vizuri. Bukari ni kitu chenye kinyongo. Ilimrukia mkononi, ikatengeneza mabonge, ikashika chini. Anaclet alimshauri kutoka mlangoni aongeze maji. Mwingine akamshauri apunguze. Jasho lilimwingia machoni, na alikuwa na hasira na watu wote: na Jérôme, na mashine, na aliyevumbua arobaini na tano, na yule paa mwenye doa. Hasira ilitafuta mahali pa kukaa, ikawa inarudi kwenye aproni.

Ukumbini walikuwa wamerudisha diski kwenye mwendo wake. Pétronille alikaa kiti cha mbele, ameletewa fanta na Burhani mwenyewe. Alikuwa anasikiliza sauti yake akiwa amefumba macho, na mguu wake, Mungu amsamehe, ulikuwa unapiga mdundo. Upande wa kwanza uliisha. Wakageuza. Upande wa pili ukaenda, ukaenda, gitaa la mwisho likapungua mpaka likabaki uzi.

Ndani ya uzi ule, kwa sauti ya Joël aliyekomaa, ambaye katika miaka hiyo alikuwa amepiga na wanamuziki wa Lubumbashi na kuchekwa vizuri kwa kutojua libanga, yakapita maneno: "Donat Mwamba, wa Kipushi, wa Auderghem."

Mwiko ulisimama.

"Ni nini hiyo?" Donat aliuliza kutoka jikoni. "Nani amesema? Rudisheni."

Watu walikuwa wanaongea, wanacheka, wanavuta viti. Joël peke yake alikuwa amegeuka kumtazama kupitia mlango, na anatabasamu.

"Rudisheni, ninasema. Ile ya mwisho. Burhani, umesikia? Ni ndefu kushinda yako. Rudisha sindano."

Burhani aliinua kichwa, akamtazama Maman Pétronille. Pétronille alikunywa fanta yake taratibu, akavuta hewa puani.

"Asonge kwanza," alisema. "Minasikia inaungua."